Tuta la kuinua, jaruba au kiroba: bustani ipi inafaa ua wa Tabora?

Mvua ikikata Tabora, mboga za bure nazo zinakata. Mlenda wa pembeni ya njia unakauka, mgagani unaisha, na majani ya maboga yanabaki kwa mwenye kisima peke yake. Hapo ndipo watu wanakumbuka kwamba nyuma ya jiko kuna kipande cha ardhi ambacho kazi yake mwaka mzima ni kufagiliwa. Siku hizi, kwa sababu ya picha za kwenye simu, swali linalonifikia ni moja: nitengeneze matuta ya boksi, yale ya mbao yaliyoinuka?

Huwa sijibu. Nauliza mawili. Nyumba ni yako au umepanga? Na ukimwaga maji pale uani, yanazama kwa muda gani? Ukishanijibu hayo, kazi ya kuchagua imebaki ndogo. Nimelima uani kwa njia tatu, kwanza Isevya nikiwa mpangaji, sasa Ipuli kwenye kiwanja changu, zote kata za hapa hapa mjini, na hakuna hata moja ambayo haijawahi kunitia hasara. Naziweka hapa sambamba, hasara zake zikiwemo.

Tunazungumzia nini hasa

Tuta la kuinua ni udongo uliopandishwa juu ya usawa wa ua, kwa kawaida sentimita 20 hadi 40. Likiwa halina ukuta, limesawazishwa bapa juu, wakulima wa bustani wanaliita sesa. Likizungushiwa mbao, tofali au mawe, ndilo hilo boksi la kwenye simu.

Jaruba ni kinyume chake. Aliyewahi kupita kwenye mbuga za mpunga analijua: kingo zimeinuka, ndani pamezama. La mboga za nyumbani ni dogo tu, mita moja kwa mbili, na ndani linakuwa chini ya usawa wa ua kwa sentimita 10 au 15. Mabwana shamba wanaliita tuta mbonyeo. Mimi nasema jaruba, na kila mtu hapa mtaani ananielewa.

Kiroba ni kiroba: mfuko wa unga au gunia la mpunga, umejazwa udongo, ukapandwa juu na ubavuni.

Maji yanavyokwenda

Picha nyingi za maboksi zinatoka nchi za baridi. Huko udongo ukiinuliwa unapata joto mapema majira ya baridi yakiisha, na maji ya mvua yanachuruzika badala ya kutuama kwenye mizizi. Mkulima wa huko anakimbia baridi na tope. Sasa wewe, mwezi wa tisa hapa Tabora, unakimbia baridi ipi?

Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni msimu mmoja, inaanza kama Novemba na kukata Aprili, kisha ni jua mpaka Oktoba. Sehemu kubwa ya udongo ni kile kichanga chepesi ambacho Wanyamwezi na Wasukuma wanakiita luseni. Uzuri wake, hata mtoto anakilima. Ubaya wake, hakishiki maji wala mbolea. Ukiuchukua udongo wa namna hiyo ukauinua sentimita 30, umeupa jua na upepo pande tano badala ya moja: juu, na ubavu mara nne. Maji uliyomwaga asubuhi yanashuka upesi kuliko mizizi ya mchicha inavyoweza kuyafuata.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mboga zilizojaza tuta, kwenye jua la Septemba na Oktoba, zinaweza kutumia milimita 5 hadi 6 kwa siku. Tuta la mita moja kwa mbili basi linataka lita 10 hadi 12 kila siku, na hayo ni yanayopanda hewani tu; yanayozama kupita mizizi hayamo. Matuta manne ni madumu mawili na zaidi, kila siku ya Mungu. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika Tabora wengi tulidhani habari ya maji imekwisha. Kwenye bustani haijaisha, imehamia kwenye ankara.

Niliwahi kuyapanga mawili ubavu kwa ubavu mwezi wa nane, tuta la kuzungushia tofali na jaruba, ukubwa mmoja, samadi ya zizi moja, mbegu ya mchicha ya pakiti moja. Kila asubuhi keni moja ya lita 10 huku, moja kule. Saa kumi jioni nachomeka kidole cha shahada. Kwenye jaruba unyevu ulianza kucha ilipozama tu. Kwenye tuta kidole kilifika kiungo cha pili bado ni vumbi.

Lazima niseme haki: mchicha wa kwenye tuta ndio uliota vizuri zaidi siku kumi za mwanzo. Udongo ulikuwa laini na hakuna aliyeukanyaga. Ila wiki ya tatu ukaanza kujikunja saa sita mchana, kwanza mistari iliyo karibu na tofali, maana tofali likishika jua linakuwa jiko. Nikaongeza keni ya jioni. Yaani kwa mchicha wa tuta nililipa maji mara mbili. Mchicha wa jaruba ulichelewa siku chache, lakini tuliukata mara nne kabla haujatoa maua, na ule wa tuta mara mbili.

Matandazo yanapunguza pengo. Watu wanasema weka nyasi kavu. Mimi niliziweka, mchwa wakaja kula nyasi, wakamalizia na miche. Sasa natumia pumba za mpunga kutoka mashineni, unene wa vidole viwili, na kwangu hazijawaita. Angalia tu usilipie zile laini wanazopewa nguruwe. Unayoitaka ni ile kavu inayochoma mikono, ambayo mashine nyingi zinaitupa nyuma ya banda.

Mbao, na wenye mbao zao

Boksi langu la kwanza, Isevya, lilikuwa la mabanzi. Nilikuwa nagonga misumari, mzee mmoja jirani akapita akielekea msikitini, akasimama.

"Mwanangu, unawajengea mchwa?"

"Hapana mzee, ni bustani ya mboga."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Mwezi wa kumi niliegemea ubao wa upande wa kaskazini nikipalilia, mkono ukapita. Kwa nje ubao ulikuwa mzima, umepakwa tu ule udongo mwembamba mwekundu kama mtu amekandika. Ndani hamna kitu. Zilibaki kuta nyembamba nyembamba kama kurasa za daftari lililoloa. Mzee hakunisema. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba huku akiangalia boksi, si mimi.

Wapo wanaopaka oili chafu ya gari ili mchwa wasisogee. Kwa nguzo ya uzio sawa, lakini usiipake kwenye ubao unaogusa udongo wa mboga unazokula. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba uchafu wa vyuma. Dawa za mchwa za madukani nazo usizipake hapo. Mninga unastahimili, hilo kila fundi wa Tabora atakuambia, ila mninga wa kuzungushia mchicha ni kuvaa suti kwenda kupalilia.

Kwa hiyo ukuta wa Tabora ni tofali la kuchoma au jawe. Tuta la mita moja kwa mbili lina mzunguko wa mita 6. Tofali lenye urefu wa sentimita 25 na kimo cha 10, mstari mmoja unakula matofali 24; mistari mitatu kupata sentimita 30 ni matofali 72. Panga bila saruji, mstari wa juu ukae juu ya maungio ya mstari wa chini, yatakaa. Faida ya kutoweka saruji utaiona siku ukitaka kuhama. Tofali bichi usijaribu, mvua mbili za Novemba zinalirudisha kuwa tope. Upana usizidi mita 1.2, mkono ufike katikati ukiwa upande wowote bila kukanyaga ndani.

Matairi sina ugomvi nayo. Yanachemka juani, ndio hivyo. Mimi nimeyaachia maua.

Jaruba halina habari ya ukuta. Jembe, reki, na jasho la asubuhi moja.

Udongo wa kujazia: hapa ndipo pesa inapokwenda

Hakuna anayepiga hesabu hii mpaka amemaliza kujenga. Mita moja mara mbili mara sentimita 30 ni lita 600, sawa na ndoo 30 za lita 20. Ndoo 30 za udongo mzuri unazipata wapi ndani ya mji? Ukijaza mchanga wa uani, umejenga kaburi la mbegu. Ukinunua samadi peke yake, inachemka na kuunguza miche, hasa kama haijaoza. Mimi najaza theluthi moja samadi iliyokaa miezi mitatu au zaidi, iliyo nyeusi na haina tena harufu ya zizi. Theluthi moja udongo wa uani. Na theluthi ya mwisho udongo wa kichuguu.

Kichuguu ndiyo fidia ya mchwa kwa mbao zangu. Wanapojenga wanapandisha udongo wa chini wenye mfinyanzi na chumvichumvi za mimea, na huo mfinyanzi ndio unaokosekana kwenye luseni yetu. Wazee wanajua mahindi yaliyoota juu ya kichuguu kilichobomoka yanavyokuwa na rangi tofauti na wenzake. Chagua kile kilichohamwa, kipondeponde, kichekeche mawe. Usikijaze peke yake, kikikauka kinakuwa saruji.

Jaruba linataka kidogo. Unachimba, unachanganya ndoo tatu au nne za samadi na ndoo mbili za kichuguu kwenye udongo uliopo, umemaliza. Ndoo 6 za kuleta, dhidi ya 20 za tuta. Kwa mtu anayenunua samadi kwa kiroba na kulipa guta la kuileta, hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote.

Kuna udongo mmoja nataka kuuzungumzia polepole kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa tumbaku. Mwaka mmoja nililetewa udongo mzuri, mweusi, bure, kutoka kwenye shamba lililopumzishwa tumbaku. Nikajaza tuta, nikapanda nyanya na nyanya chungu. Zikaota, zikasimama. Haziugui, hazikui; mchana zimelala, usiku zimeamka. Nilipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa na vinundu vinundu kama shanga zilizotungwa vibaya. Ni minyoo fundo, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaopenda udongo wa kichanga na wanaoingia kwenye mizizi ya tumbaku. Na tumbaku, nyanya, nyanya chungu, biringanya, pilipili, viazi mviringo na mnavu ni ukoo mmoja. Kinachomuumiza mmoja kinajua njia ya kwenda kwa mwenzake.

Kuna na virusi vya batobato vya tumbaku, vinavyohamia kwenye nyanya kwa mikono tu. Kama kwenu mnachambua tumbaku au kuna mvutaji, anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Shemeji yangu mvutaji aliona ni masimango. Sasa ananawa.

Lakini kisa hicho hicho kinalipa tuta la kuinua alama yake halali. Kama ardhi ya ua wako ndiyo yenye minyoo, au ilikuwa jalala la chupa na betri, au chini kuna zege, jaruba halina la kukusaidia. Tuta lililojazwa udongo safi kutoka kwingine linakupa mwanzo mpya, angalau kwa misimu kadhaa, kabla minyoo wa chini hawajapanda.

Masika yanageuza mambo

Mpaka hapa utadhani nina chuki na matuta. Subiri Januari.

Mwaka wangu wa pili Ipuli nilijivunia sana majaruba, nikayaacha vile vile mvua zilipoanza. Usiku mmoja ikanyesha hadi alfajiri. Asubuhi jaruba la spinachi lilikuwa bwawa, na vyura wameshahamia na familia zao. Nikasema maji yatazama, si ni luseni? Yalizama juu, lakini ardhi yote ilikuwa imeshiba, hayakuwa na pa kwenda. Mizizi nayo inahitaji hewa. Ikikaa majini siku mbili tatu inaoza. Spinachi ikawa njano kuanzia chini, kisha ikalala. Hatua tatu kutoka hapo, tuta la tofali lenye nyanya lilikuwa linachuruzika taratibu kama sufuria iliyosuuzwa.

Masika tuta linashinda, na kwa nyanya linashinda zaidi. Ukungu wa majani unapanda kwa matone ya mvua yanayorusha udongo kwenye majani ya chini. Ukiinua mche, ukauwekea matandazo, ukaufunga kwenye mti na kukata majani yanayogusa chini, umepunguza shida kabla hujafika duka la dawa.

Kwa walio kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi mtoto anapoteza kiatu na masika unang'ang'ania jembe, matuta ni ya mwaka mzima. Huko maji hayakimbii, yanagoma kuondoka. Ukiona jirani yako ana majaruba ya mpunga na yanashika maji wiki nzima, usichimbe jaruba la mchicha.

Kama hujui uko wapi, chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana wa ndoo. Lijaze maji, yaache yazame. Lijaze mara ya pili na uangalie saa. Yakiisha ndani ya dakika kumi hivi, uko kwenye luseni: kiangazi chimba jaruba. Yakiwa bado yapo baada ya saa moja, inua. Katikati ya hapo, sesa fupi la sentimita 15 linatosha, wala huhitaji tofali hata moja.

Mpangaji na viroba vyake

Isevya niliondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Matofali niliyabeba kwa toroli ya kuazima. Udongo nilioulea miaka miwili ulibaki kulisha mwembe wa mwenye nyumba. Tangu siku hiyo mpangaji akiniuliza, jibu langu ni viroba, na sijawahi kuombwa ushauri huo nikasita.

Ila usidanganywe kuhusu gunia kubwa. Gunia la kilo 100 likijazwa udongo linameza kama ndoo 8, na likiloa halibebwi na watu wawili. Siku ya kuhama utalimwaga tu. Chukua viroba vya kilo 25. Kimoja kinabeba ndoo mbili hivi, watu wawili wanakiinua, na kumi vinakaa ukutani bila mwenye nyumba kununa.

Kwa gunia kubwa, kama nyumba ni yako, kazi ni kupitisha maji mpaka chini. Chukua kopo la maziwa lisilo na kitako wala mfuniko, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo nje yake, kisha livute juu na kokoto zibaki. Rudia mpaka ufike mdomoni. Unapata mnara wa kokoto katikati, maji yanashuka humo na kusambaa. Bila huo mnara juu patakuwa tope na chini patakuwa pakavu kama siku uliyojaza. Nimelikata gunia nikaona. Ubavuni toboa matundu kwa kupishana, na pandikiza sukuma wiki, spinachi au chainizi, mboga unazochuma jani jani. Mchicha wa kung'oa weka juu, maana ukiung'oa ubavuni unatoka na kilo ya udongo.

Kiroba kinakauka upesi kuliko tuta, upesi kuliko chochote. Oktoba ni asubuhi na jioni, hakuna kusamehe. Na jua linakila: baada ya kama mwaka nailoni inaanza kumeguka kuwa nyuzi fupi fupi zinazoingia kwenye mboga. Hamisha udongo kwenye kiroba kipya kabla hakijafika huko.

Mgongo, kuku, mwembe

Mama mkwe wangu ana magoti mabovu. Tulimjengea tuta la tofali la kimo cha sentimita 60, nusu ya chini tukajaza vipande vya tofali na mchanga, nusu ya juu udongo mzuri. Anakaa ukingoni anapalilia huku anaongea na simu. Linakunywa maji kama ng'ombe, na sitamwambia mtu mzima yeyote mwenye maumivu aachane nalo kwa sababu ya maji.

Kuku wa kienyeji hawaogopi sentimita 30, wala 60. Wanapenda zaidi, udongo ni laini. Njia zote tatu zinataka wavu.

Mwembe ni adui asiyeonekana. Tabora tunajivunia miembe, na kivuli chake cha saa nane ni rehema kwa mchicha. Lakini mizizi yake inanusa maji. Tuta lolote utakalolimwagilia karibu na mwembe, msimu wa pili ukifukua utakuta wavu wa vijizizi vyekundu umepanda kutoka chini na kulijaza. Hapo kiroba juu ya tofali mbili ndicho kinachopona.

Ukinilazimisha nikuchagulie

Umepanga: viroba, na tuta moja dogo la tofali zisizo na saruji kwa ajili ya kitalu. Kwako, kwenye luseni, bajeti ndogo: jaruba kiangazi, sesa masika. Kwako, kwenye mbuga nyeusi au penye ardhi chafu: tuta la tofali, lipia udongo, usilalamike. Mgongo au magoti: tuta la kimo kirefu, na tafuta kijana wa kubeba maji. Mbao: hapana.

Dada yangu yuko Kigoma, Gungu, akanipigia kuuliza kama naye achimbe majaruba. Nilimwambia hapana, kwake ni mlima. Kule mvua ni nyingi kidogo na maji yanakimbilia ziwani na udongo wako mikononi. Apange mawe mstari mmoja kukingama mteremko, upande wa chini tu, ajaze udongo nyuma yake mpaka usawa ukae. Ni tuta nusu na ngazi nusu. Mawe hayanunuliwi. Makapi ya chikichi wanayomwaga waliokamua mawese yakioza vizuri ni matandazo ambayo mimi huku nayatamani.

Kwangu sasa yako matuta mawili ya tofali na majaruba manne. Matuta ni ya nyanya za masika, na kiangazi yanakuwa kitalu, chini ya kichanja cha nyasi. Majaruba yana mchicha, chainizi na vitunguu. Wiki ya mwisho ya Oktoba, kabla mvua ya kwanza haijanyesha, nabomoa kingo za majaruba na kuzitupa ndani, nachimba njia kati yake kwa kina cha jembe moja na kuupandisha udongo wake juu pia, nasawazisha kwa reki. Majaruba manne yanakuwa masesa manne, na njia zinakuwa mifereji. Inanichukua asubuhi mbili. Mwezi wa tano nachukua jembe lile lile narudisha kingo.